Mgomba Tuliouzika kwa Jina Lako

Kijiji cha Kaagya,
Bukoba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
Jumapili, 7 Machi 1976

Mpendwa mdogo wangu Clavery,

Nakusalimu kutoka mlangoni pa nyumba ya mama. Ndizi ziko jikoni zinachemka, mvua imekatika sasa hivi tu na migomba yote inadondosha maji. U hali gani huko Kisumu? Kifua kile kilichokuwa kikikubana ukikaa sana kwenye vumbi la mbao, kimepona? Unakula? Unalala pakavu? Nasikia mbu wa huko ni wa kupigana nao kwa rungu. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kunisumbua kama ya bibi kizee, na wanangu wote ni wazima. Mume wangu Lameki yuko Kimwani anahangaika na mihogo. Mama ni mzima wa mwili. Ya moyo wake utayasikia humu ndani.

Barua yako aliileta Mustapha, yule muuza vitambaa wa Miembeni, aliposhuka kwenye meli. Alinifuata mpaka Kimwani, akakaa kitako, akaniambia, "Mama Alistidia, weka hicho kikombe chini kwanza." Nilipoona jina lako mwisho wa karatasi nilipiga yowe hata majirani wakaja mbio na mapanga wakidhani nyoka ameingia ndani. Nililia nikacheka, nikalia tena. Huo ulikuwa mwezi wa kwanza, na kama umeniita mzembe kwa kuchelewa kujibu, una haki, lakini soma kwanza.

Umeandika kwamba una karakana yako ndogo, unatengeneza vitanda na meza, humtumikii mtu. Umesema serikali ya huko haitaki tena fundi mgeni ajifanyie kazi zake mwenyewe bila kibali, na kwamba ofisi ya wageni inakudai cheti cha ubatizo pamoja na barua ya kijiji inayosema wewe ni mtu wa hapa, unajulikana, huna kesi. Vikifika kabla ya Pasaka utapewa kibali. Visipofika wanafunga karakana na kukupeleka mpakani. Nimekuelewa vizuri.

Najua roho yako iko kwenye karatasi hizo, haiko kwenye salamu zangu. Lakini mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo utanisikiliza. Mustapha amebeba bahasha mbili. Nimemwagiza akupe hii kwanza uisome yote, kisha uichome kwenye jiko lako la gundi yeye akiwa anaona. Hajui kilichomo, wala si mtu wa kuulizauliza.

Sasa kaa chini. Tata hatunaye. Baba yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka 1974, tumbo likiwa limemvimba, na alikuita mpaka mwisho. Pole sana, ndugu yangu. Nilitamani uyasikie haya kutoka mdomoni mwangu nikiwa nimekushika bega, lakini wewe uko ng'ambo ya ziwa na mimi niko huku. Kaburi lake liko juu kidogo ya mfenesi, tumelizungushia mawe.

Na pembeni yake kulikuwa na lako.

Usishtuke. Au shtuka, nitafanyaje. Uliondoka hapa kwenda Masaka kutafuta kazi ya mbao kama vijana wengi wa Buhaya. Barua zako zilikuwa zikifika, tena ndefu na za kuchekesha. Kisha mwaka 1972 ukaja ugomvi ule wa mpakani, ndege zikaja kutupiga mabomu Bukoba, na kule upande wa pili wakaanza kukamata Watanzania. Mtu mmoja alirudi kwa miguu akatuambia alikuona kwa macho yake ukipakiwa kwenye lori la askari. Alisema waliopanda lori lile hakumwona tena hata mmoja. Tukangoja. Tata alipofariki, ukoo ukasema haiwezekani kugawa kibanja cha migomba na mibuni huku mtoto mmoja anaelea, haijulikani ni hai au ni maiti. Kwetu unajua ilivyo: mtu aliyepotea bila mwili anazikiwa mgomba, apate mahali pa kutulia na waliobaki nao watulie. Baba mdogo Byabato akaamua tufanye hivyo.

Basi tukakuzika. Tulichukua mgomba tukauvika shati lako la Jumapili, lile lenye mistari ya buluu, tukauviringisha kwenye shuka. Tulilia jinsi tunavyomlilia mtu. Hatukushika jembe mpaka msiba ulipokwisha, tukanyoa nywele, padre akakusomea misa. Rutashobya, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji, alitupa udongo kwa mkono wake. Mama peke yake hakulia. Alikaa pembeni anatuangalia kana kwamba tunacheza mchezo wa watoto.

Nilidhani sasa tutapumzika. Wapi! Mgomba wa kuzikia unakatwa juu ya ardhi, hauwi na shina wala mzizi. Mzee yeyote wa hapa atakuambia. Lakini siku ile mvua ilikuwa inamwagika, na kazi alipewa Kaijage, mtoto wa Byabato, ambaye tangu amalize shule anajua kila kitu isipokuwa kuuliza. Udongo ulikuwa umelainika, akauvuta mgomba ukang'oka wote na shina lake, akauleta hivyo hivyo. Na sisi, kwa majonzi, tukauvika shati bila kuangalia miguuni. Msimu wa senene haujafika, kaburi lako likachipua.

Hapo ndipo amani ilipotutoka. Chipukizi lilitokea upande wa kichwani, jani limejikunja, la kijani kibichi. Hakuna aliyethubutu kulikata, kwa sababu aliyelikata angekuwa amekukata wewe. Na hakuna aliyetaka liendelee kukua. Watu waliacha kupita njia ile, wakawa wanazungukia kwenye mibuni. Mgomba ule ulikwenda juu haraka kuliko migomba yote ya kibanja, ukatoa mkungu mkubwa wa kutisha. Hakuna aliyeukata. Uliiva ukiwa pale pale juu. Nilikuwa nimekuja kumtazama mama, na nilipokaa kula nikazisikia ndizi zikidondoka moja moja kwenye majani makavu. Pu. Kimya. Pu. Nikasukuma sahani. Hata kunguru niliwaona wanazipita, au labda ni woga wangu ndio ulioona hivyo.

Mama naye akawa anafagia pale kila asubuhi, anaongea na ule mgomba habari za nyumbani: kahawa imepokelewa au haijapokelewa, fulani ameposa kwa fulani, sukari imeadimika dukani, mwaka huu wote tunakunywa chai chungu. Watu wakaanza kusema mama yetu amerukwa na akili. Mimi nilijibizana nao, unanijua, lakini moyoni nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Aliniambia pia kwamba mchana, watu wakiwa wamekwenda kwenye shamba la kijiji, anasikia randa kwenye kibanda chako cha kazi. Nikamkemea. Nikamwambia ni panya. Basi siku moja nimebaki peke yangu nachambua maharage, na mimi nikasikia. Fyuuu. Fyuuu. Taratibu, mtu analainisha ubao mrefu na hana haraka. Nikaita, "Nani huyo?" Ikanyamaza. Nikajikaza nikaenda kufungua. Vumbi tu, na zana zako ulizoziacha zimening'inia zilipokuwa. Sikumwambia mtu yeyote, hata Lameki. Nakuambia wewe kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Kwetu Kimwani operesheni ya vijiji ilituhamisha kando ya barabara, makaburi ya akina Lameki yakabaki kule kwenye makazi ya zamani, na wakwe zangu wanalilia jambo hilo mpaka leo. Nisamehe, lakini kuna siku nilikuwa nawaonea wivu.

Halafu ndipo barua yako ikaja. Nilishika safari ya kuja huku Kaagya kumsomea mama. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Nilijua. Aliyekufa haoti." Kigoda ulichompelekea kwa mkono wa Mustapha amekikalia tangu siku hiyo, hataki kiti kingine. Ule mche wa sabuni uliotuma nacho ameufunga kwenye kitambaa akauficha. Nikamwomba kipande tu, sabuni haipatikani, akaniambia hiyo ni ya kuogea mgeni.

Nikaanza kuzitafuta karatasi zako. Kwa padre hakukuwa na shida. Alisema ubatizo haufutwi na msiba, akafungua kitabu, akaandika cheti. Kwa Rutashobya ndiko mambo yalikokwama. "Mama Alistidia," aliniambia, "mimi nilimtupia udongo, na kijiji kizima kilikuwepo. Leo nipige mhuri kwamba yuko hai? Wilayani wakiniuliza nitasema nini? Kiondoeni kwanza kile mlichokiweka ardhini, mimi nitaandika hapo hapo." Nilimkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona hakukosea.

Basi nikaenda kwa Byabato, na yeye ndiye aliyenieleza masharti. Mgomba uliomzikia mtu aliye hai unafukuliwa mchana kweupe. Unapitishwa nyuma ya nyumba, haupiti mlangoni, unakwenda kutupwa rweya, kule kwenye nyasi tupu ambako hakuna kibanja cha mtu. Lakini kabla jembe halijagusa udongo, mtu wa tumbo moja na wewe lazima asimame pale aseme jina lako na jina la baba yako, na aseme kwamba uko hai na anakujua. Mama mzazi hawezi, baba mdogo hawezi. Na akisema uongo, shimo lile linakuwa lake.

Wa tumbo moja na wewe ni mimi tu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nisishike kalamu muda wote huu. Barua yako imepigwa kwa mashine, haina mwandiko wa kuutambua, na nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeandika jina lako, jina la Tata, jina la kijiji, la parokia, mwaka uliozaliwa. Kila ulichoandika ni kitu kinachokaa kwenye kitambulisho. Hakuna cha pembeni hata kimoja! Clavery ninayemjua mimi hamalizi ukurasa bila kuuliza pombe ya lubisi ya nani imeiva, nani kamwoa nani, na ni nani aliyeiba shoka lake. Hukunitania. Hukuniita kwa lile jina la kuniudhi ambalo na mimi sitaliandika hapa.

Hukumuulizia Ephrasia. Ulimtengenezea sanduku la harusi kabla hata wazee hawajapelekwa kwao, ukachekwa kijiji kizima. Ameolewa Muleba. Mustapha alipompa habari kwamba uko hai alikaa chini barabarani akalia, mumewe amesimama na baiskeli hajui ashike wapi. Mwanamke huyo alikulilia hivyo, na wewe hukuandika hata herufi moja juu yake.

Nikamkalisha Mustapha nikambana kwa maswali. Akasema wewe ni mwembamba, mpole, mkono wako ni mwepesi, watu wa mtaani kwako wanakupenda. Akasema alikusalimu kwa Kihaya, hata kama Kihaya chake ni cha dukani, na wewe ukacheka ukamjibu kwa Kiswahili kwamba shida zimekusahaulisha. Waitu! Mtu wa kwetu atasahau mengi, lakini namna ya kumwamkia mama yake? Nikajiuliza ninaandikiana na nani.

Halafu nikakigeuza kigoda. Miguu yake haina msumari. Imechomekwa, ikapasuliwa kichwani, ikapigiwa kabari za mti mweupe, mbili zinazokingamana. Maseremala wengine wote wa huku wanapiga kabari moja. Zile mbili ni za Tata, na Tata alimfundisha Clavery tu, tena kwa matusi na makofi. Kwa hiyo mkono uliokitengeneza ni wa Clavery, au ni wa mtu aliyefundishwa na Clavery. Na Clavery asingemfundisha mpita njia.

Basi yakabaki mawili. Moja, wewe ni ndugu yangu kweli, na yaliyokupata yamekutisha kiasi kwamba umeogopa hata kuandika utani. Mbili, wewe ni mtu mwingine, mzaliwa wa ng'ambo ile ya mpaka. Ulifanya kazi na ndugu yangu huko Masaka, mkala naye, akakufundisha, na siku lori lilipomchukua wewe ukabaki na makaratasi yake, ukakimbia nayo mpaka Kisumu. Na kama ni hilo la pili, basi mpaka watakaokupeleka huko si huu wetu. Watakurudisha kwa wale wale wenye lori.

Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Nguo zikaanza kunipwaya. Lameki aliponiona hivyo akanibembeleza mpaka nikamweleza, naye akanishauri kwa upole, "Usiape juu ya kitu ambacho hujakiona." Ni mume mwema na alisema kweli. Lakini yeye hakuwa akiiona Pasaka inakuja mbio jinsi nilivyokuwa nikiiona mimi.

Tulikusanyika Jumatano ya Majivu. Tulitoka kanisani tukaja moja kwa moja, majivu bado yapo kwenye vipaji vya nyuso zetu. Walikuwepo watu wa ukoo na Rutashobya na mhuri wake. Mama aliketi kwenye kigoda chake. Byabato akashika jembe, akaniambia, "Haya mwanangu, sema." Ule mgomba ulikuwa umesimama pale mbele yangu, majani yanacheza na upepo haupo, au sikuusikia. Nikamtazama mama. Nilitegemea kuona furaha usoni mwake. Haikuwepo. Alikuwa ananitazama jinsi mtu anavyomtazama anayemwomba kitu na anaogopa atanyimwa.

Nikasema, "Clavery, mwana wa Protase, yuko hai. Namjua."

Sauti ilitoka kubwa, sikuitambua. Byabato akapiga jembe.

Yaliyokuwa chini sikutaka kukuandikia, lakini nimeshaanza kusema ukweli na sitauacha njiani. Ule mgomba wa kwanza ulikuwa umeoza ukawa matope. Shuka ilikuwa imekwisha. Shati lilikuwepo, Clavery, na vifungo vyake vyote, na mizizi ya mgomba mpya ilikuwa imeingia ndani ya mikono ya shati, wa kulia na wa kushoto, ikatokeza pale penye vifungo vya mkononi. Kaijage aliachia jembe akaenda kutapika kwenye mibuni. Hakuna aliyemcheka. Hatukuweza kulitoa shati, basi tukavibeba vyote pamoja, tukapita nyuma ya nyumba mpaka rweya, tukaviacha huko kwenye nyasi. Tuliporudi tukafukia. Rutashobya akaandika barua yako juu ya meza ya mama, akapiga mhuri, akaomba maji ya kunywa, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo kibanda kimenyamaza. Watu wameanza tena kupita njia ile. Mimi ndiye niliyebaki. Nikipita penye ule udongo mpya naharakisha, na nikikohoa kidogo tu nakumbuka masharti ya Byabato. Naogopa, nakuambia waziwazi. Sijui kama nimeapa kweli au nimeapa uongo, na hapa duniani anayejua ni wewe tu unayesoma.

Kama wewe ni Clavery, nicheke. Nicheke mpaka mbavu zikuume, kisha chukua kalamu uniandikie lile jina la kuniudhi, neno moja tu, lipeleke posta. Nitakutukana kwa muda ulionitesa, nitakusamehe, na nitacheza ngoma hapa uani na magoti yangu haya.

Kama wewe si Clavery, sikulaani. Karatasi sizirudishi. Zichukue, kapate kibali chako, ufungue mlango wa karakana mchana bila kutazama nyuma. Ninachokuomba ni kimoja, uniambie alipolala, na kama yupo mtu aliyemfunika. Usiandike. Mwambie Mustapha kwa mdomo, ataniletea mimi peke yangu.

Lakini elewa kwamba jina hilo halikuja peke yake. Lina mama. Ukilichukua umemchukua na yeye. Utamwandikia Krismasi na Pasaka, utamuulizia miguu yake, utamtumia chochote hata kama ni kijiko cha mti. Utajifunza kumwamkia kwa Kihaya, hata kile cha dukani cha Mustapha kitatosha kuanzia. Na siku nitakapokuletea habari kwamba ametangulia, utapanda meli uje umzike, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Nitasimama kando yako, na mtu akiuliza wewe ni nani, mimi ndiye nitakayemjibu.

Jana nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa anamenya ndizi, nikamwuliza polepole, "Mama, na kama huyu wa Kisumu siye?" Hakuacha kumenya. Alimaliza ile ndizi, akaiweka kwenye maji, akasema, "Aliyeandika ile barua ni mtoto asiye na mtu. Mpelekee karatasi zake."

Basi, baba mdogo Byabato anakusalimu. Lameki anakusalimu kutoka Kimwani. Kaijage anakusalimu na anaona aibu, mwandikie neno la kumchangamsha. Alistidia, mpwa wako, amekuwa msichana mkubwa na anataka umtengenezee meza ya kusomea. Mama yako anakusalimu sana, amesema ule ushibe na usilale na nguo mbichi.

Mungu akufungulie kila mlango utakaobisha, akufiche na wabaya, na kazi ya mikono yako ikulishe hapo ulipo. Bikira Maria akufunike.

Ni mimi niliyesimama nikasema nakujua,
dada yako,

Joviana